Jaji wa Mchuzi wa Ijumaa

Mgahawa ule ulikuwa na meza sita na ubao mmoja mlangoni: LEO SAMAKI. HAKUNA KINGINE. USIULIZE. Mwenyewe, aliyeitwa Mama Usiulize na mtaa mzima, alipika chakula kimoja tu kwa siku, na mchuzi wake wa maharage wa Ijumaa uliwapanga watu foleni mpaka kwa fundi viatu.

Sukari, mtu wa maneno matamu na mfuko mtupu, aliiona foleni ile akameza mate. Si kwa njaa tu. Tajiri wa hoteli ya ng'ambo ya barabara alikuwa amemwahidi umeneja na chumba cha kulala akimletea siri ya mchuzi huo. Chumba alikihitaji kweli. Shemeji yake, aliyemlaza sebuleni miezi minane, alikuwa amesema Ijumaa ijayo kochi linauzwa.

Jumatatu akaingia na tai, daftari, na beji ya kujitengenezea.

"Shikamoo, mama. Mimi ni jaji wa Mashindano ya Migahawa Midogo. Mmeingia fainali."

"Marahaba, mwanangu. Tuliomba lini?"

"Hamkuomba. Ndiyo maana mmependwa! Ila sharti jaji aone kila hatua ya mchuzi."

Mama akamtazama kuanzia viatu hadi tai. "Mchuzi wangu hauonwi, unashikwa. Na unaanza leo Jumatatu. Vua tai."

Akapewa beseni la vitunguu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakumwona huyu akimenya. Jumanne akapara samaki. Jumatano akasugua sufuria. Alhamisi akachambua gunia zima la maharage, na kila siku beseni la vitunguu lilimsubiri. Akiuliza siri, anaambiwa, "Bado hujafika." Naye akavumilia, maana mvumilivu hula mbivu.

Ijumaa mchana sufuria ilipoepuliwa, mpishi wa hoteli ya ng'ambo akaingia kwa mlango wa nyuma.

"Mke wangu, tayari?"

Sukari akaangusha mwiko.

"Mume wangu huyo," Mama alisema. "Alimsikia tajiri wake akikutuma. Na dada yangu anayenisaidia amejifungua, sikuwa na mtu wa kumenya."

"Sasa siri ni nini?"

"Mchuzi ni uleule wa hotelini," mpishi alimjibu. "Ila tajiri hunipa vitunguu viwili kwa sufuria nzima. Mke wangu hutia beseni zima."

Sukari akakiona chumba chake kikipotea. Nani angemwambia tajiri kwamba siri ni ubahili wake mwenyewe? Alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. Akaomba sahani, akala, akaomba ya pili, kisha akasema ukweli wake wa kwanza wiki ile: leo hana pa kulala.

"Stoo ina kitanda," Mama alisema. "Dada atarudi baada ya miezi mitatu."

"Na cheo changu?"

"Beseni lile pale."

Jioni akaenda kumuaga shemeji, akamwambia ameteuliwa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vitunguu. Shemeji, mtu wa huruma, akadhani ni uchungu wa kuachana, akamfungashia na mto wake mwenyewe.