Barua ya Aliyekufukuza

Idara ya Huruma ya kanisa ilitangaza, kwa furaha kubwa, kwamba kuanzia Jumatatu hapokelewi mkimbizi yeyote asiye na barua ya mtu aliyemfukuza. Barua iwe na sahihi na mhuri.

Lilikuwa jambo la busara. Zamani huduma ilitolewa ovyo: mke wa mchungaji alipika uji mlangoni, mwenye njaa akapewa bakuli. Watu wakashiba bila fomu hata moja!

Fundi cherehani, aliyefika na wanawe wawili, alilisikiliza tangazo hadi mwisho. Alichotaka ni kile chumba kitupu nyuma ya kanisa, maana mvua ilikuwa njiani na kifua cha yule mdogo kilikuwa kinakoroma.

"Barua iko wapi, mama?" karani aliuliza dirishani.

"Walikuja na mapanga, kaka. Kalamu sikuiona."

"Hukuwaomba?"

"Nilikuwa nakimbia."

"Ndiyo hivyo. Haraka haraka haina baraka." Akafunga dirisha.

Fundi akakaa kwenye benchi la barazani. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mtoto alipokohoa, Katibu Mkuu wa Huruma alikosea mstari katika hotuba yake ya huruma. Siku ya nne akatoka amefura.

"Wewe mama, unaharibu sura ya idara. Ondoka!"

"Niende wapi, mzee?"

"Popote!"

"Maneno ya mdomo hupotea, mzee wangu. Niandikie."

Katibu hajawahi kukataa kuandika. Akaandika: *Wewe na wanao mnafukuzwa hapa mara moja.* Akatia sahihi, akagonga mhuri mara mbili ili uingie vizuri.

Fundi akaisoma polepole, akaipeleka dirishani.

Karani akaigeuza huku na huku. "Sahihi ipo. Mhuri upo, tena miwili! Mama, hii ndiyo barua ya kwanza iliyokamilika." Akampa ufunguo. Kwenye fomu, penye "Mtesi", akajaza cheo cha Katibu kwa herufi kubwa, nakala kwa askofu.

Sasa, kanuni ya tisa haina utata: mtesi asikaribie makao ya mkimbizi kwa hatua mia moja. Ofisi ya Katibu iko hatua arobaini. Kwa hiyo meza yake imehamishiwa ng'ambo ya barabara, mahali pasipo na paa.

Jana mvua ilishuka. Chumbani mtoto alikuwa amelala, kifua kimya. Katibu, hotuba kifuani, akasogea kidogo kutafuta pa kujikinga.

Karani akatoa kichwa dirishani. "Rudi nyuma, mzee! Hapo ni tisini na nane."