Jinsi Beldina Awuor Alivyofika Awasi Akiwa Mkavu

Sogeeni, enyi nyote mliowahi kupanda basi la shule na yai la kuchemsha mfukoni, mkaapa mbele ya mama zenu kwamba hamtatoa kichwa dirishani, kisha mkakitoa kabla basi halijafika barabara ya lami. Sogeeni na nyinyi walimu wa zamu, wekeni fimbo chini kwa muda, maana habari hii inawahusu. Yamesimuliwa mengi ya majemadari waliovuka mito mikubwa kwa majeshi na mashua. Hapa zinasimuliwa habari za binti wa darasa la saba ambaye mto ulikuwa ndani yake mwenyewe, naye akauzuia kutoka vilima vya Kericho hadi soko la Awasi, bila silaha yoyote ila magoti yake na akili aliyojaliwa na Mungu.

Mwaka ulikuwa themanini na nane, muhula wa pili, na shujaa huyo aliitwa Beldina Awuor wa mtaa wa Migosi, Kisumu, binti wa fundi cherehani, mwenye ulimi mkali kuliko mikasi ya baba yake. Katika shule yao hapakuwa na mwenye mamlaka kama yeye, si kiranja wala mpiga kengele, kwa sababu Beldina ndiye aliyekuwa mtoa majina. Jina alilokupa wakati wa mapumziko lilifika nyumbani kwenu kabla yako. Mwalimu wa hesabu alipewa na Beldina jina la Desimali, nalo likamganda hata walimu wenzake wakateleza nalo mbele ya wazazi.

Lakini jina lililompandisha kileleni lilikuwa la Dalmas Amolo. Mwaka uliotangulia, darasa lilipokwenda kuona msitu wa Kakamega, Dalmas alibanwa na haja ndogo njiani wakirudi, akaona haya kusema, na mahali fulani baada ya Chavakali basi likaruka tuta, na Dalmas akashindwa vita. Kabla hawajauona mji wa Kisumu, Beldina alikuwa amekwisha kumbatiza Mfereji. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Dalmas tena isipokuwa mama yake. Hata watoto wa darasa la kwanza, wakimwona anapita karibu na mfereji wa shule, walimwuliza kama amekuja kumsalimia ndugu yake.

Basi safari ya mwaka ule ilikuwa ya Kericho, kwenda kuona majani mabichi yanavyogeuzwa kuwa chai, na amiri wake alikuwa Mwalimu Shitanda wa jiografia, mtu mrefu, mnyoofu, mwenye suti ya Kaunda iliyopigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Asubuhi, wakipanda kutoka uwanda wa Kano kuelekea milimani, hakunyamaza hata kidogo. Kila kilima alikieleza kilivyozaliwa, kila mto alitaja unakotoka na unakomwaga maji yake, akanyoosha kidole huku na huku kama mtu anayegawa urithi. Na kwa sababu katika safari nyingine wanafunzi walishuka Ahero kununua miwa wakatawanyika kama vifaranga, hata mmoja akaja kupatikana juu ya lori la mchanga, Mwalimu Shitanda alikuwa ameapa mbele ya mwalimu mkuu kwamba safari hii basi halitasimama popote wakati wa kurudi. Aliyatangaza hayo kwenye lango la kiwanda, mkono mmoja mgongoni, akaongeza kwamba mtu anayeshindwa kuutawala mwili wake hawezi kutawala hata ng'ombe. Beldina, aliyekaa kiti cha mbele, alicheka kwa sauti kuliko wote na kugeuka kumtazama Dalmas.

Ole wake aliyecheka. Baada ya kuona mashine na kunusa kila lililonuseka, darasa liliketishwa kwenye kantini, na wenyeji wakaanza kumimina chai. Ilikuwa chai nzito, ya maziwa, rangi ya matofali, tamu mpaka midomo ikashikana. Nyumbani kwa Beldina birika lilikuwa dogo na midomo mingi, lakini hapa mpishi alikuja na birika kubwa mfano wa ndoo, akamimina bila kuuliza. Wavulana wakasema wasichana wameanza kuchoka. Beldina akanyoosha kikombe. Wakasema huyo atalegea sasa hivi. Akanyoosha tena, na tena, mpaka wavulana wenyewe wakaweka vikombe chini na kumpigia makofi. Kwenye meza ya wageni, Mwalimu Shitanda naye alikuwa vitani kwa namna yake. Meneja alikuwa akimmiminia kwa mkono wake mwenyewe, na mwalimu, mtu wa heshima, hakujua njia ya kukataa. Kila kikombe alikisifu, na kila sifa ilimletea kikombe kingine.

Jeshi likapanda basi, Mzee Joram dereva akawasha injini, na safari ya kurudi ikaanza.

Adui hakuja na tarumbeta. Walipokuwa bado kwenye ubaridi wa mashamba ya chai, alimtuma mjumbe mdogo, mpole, aliyegonga tu na kuondoka. Beldina akampuuza. Walipoanza kuteremka, mjumbe akarudi na ndugu zake. Na walipofika kwenye mashamba ya miwa, joto la uwanda likawapokea, barabara ikaanza mashimo, na Beldina akatambua kwamba jeshi zima limepiga kambi mlangoni na linaimba.

Aliketi wima. Alibana magoti, akashika kiti kwa mikono miwili, akatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Aliwaza kuomba, akakumbuka kiapo cha mwalimu na kile kicheko chake mwenyewe pale langoni. Na hata kama mwalimu angemhurumia, darasa lingejua, na katika darasa lile hapakukosa mtu ambaye angetaka kumlipa jina kwa jina. Aliyapima majina yote ambayo yeye mwenyewe angempa mtu wa namna hiyo. Aliyaona mengi, na yote yalikuwa mazuri sana.

Dorca, jirani yake, ambaye hakujua lolote, alianza kusimulia jinsi jogoo alivyoingia kanisani kwao wakati wa sala. Ilikuwa hadithi ya kuchekesha, na Beldina alihisi kicheko kikipanda kutoka tumboni na pamoja nacho hatari yote ya maisha yake. Ndipo sauti ya chini ikamfikia kutoka nyuma, karibu na sikio, na ilikuwa sauti ya Dalmas.

"Usicheke. Ukicheka umekwisha. Hesabu nguzo za simu."

Beldina hakugeuka. Shingo ilimwaka moto. Yule aliyemfanya kichekesho cha shule alikuwa amekaa nyuma yake muda wote huo, akizisoma dalili anazozijua kuliko mtu yeyote ndani ya basi, na angeweza kusimama na kutangaza. Hakutangaza. Beldina akaanza kuhesabu nguzo za simu, na kwa muda fulani nguzo zikamshika.

Kisha zikaisha, kwa maana basi liliingia kwenye kipande kibovu na mtu angeweza tu kuhesabu mashimo. Hapo ndipo Beldina, akitafuta kitu kingine cha kutazama, alipomtazama Mwalimu Shitanda. Na alichokiona kilimfanya asahau kwa nukta moja mateso yake.

Yule msema-milima alikuwa kimya. Tangu wateremke hakutaja kilima hata kimoja. Alikuwa amesimama, akaketi, akasimama tena na kushika chuma cha juu. Mguu mmoja aliupitisha mbele ya mwingine, kisha akabadilisha. Jasho lilikuwa limeanza kuharibu kola ya suti ya Kaunda. Beldina alikumbuka meza ya wageni na mkono wa meneja, akaelewa kwamba ndani ya basi lile kulikuwa na miji miwili iliyozingirwa na adui mmoja, na kwamba ufunguo wa mlango ulikuwa mkononi mwa yule aliyeapa kutoufungua.

Aliinua mkono, taratibu, kwa kuwa hata mkono ulikuwa na gharama.

Akasema kwamba anaomba kuelezwa zaidi kuhusu Mto Nyando. Mwalimu Shitanda, ambaye kwa miaka mingi amefundisha kwamba swali ni heshima, hakuweza kukataa mbele ya darasa zima. Akajibu kwa ufupi kwamba unatoka milimani na kuingia ziwani. Beldina akauliza kama mvua ikinyesha sana milimani maji huteremka polepole au yote kwa pamoja. Mwalimu akafumba macho kidogo, akasema inategemea. Beldina akauliza kuhusu Mto Nzoia, kwa maana shangazi yake aliolewa karibu na Port Victoria na alisimulia jinsi maji yalivyoingia mpaka chini ya kitanda. Ilikuwa silaha yenye makali pande mbili. Kila tone alilomrushia mwalimu lilimrukia na yeye, na alipotamka neno "mafuriko" aliona nyota za mchana. Mwalimu akasema, kwa sauti nyembamba ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, kwamba yote hayo yatafundishwa muhula ujao.

Beldina alikuwa amekwisha nguvu. Maneno yalimwishia, na mbele yao bado barabara ilikuwa ndefu. Ndipo Dalmas Amolo, ambaye tangu ile safari ya Kakamega hakuwahi kuinua mkono darasani, akasimama.

"Mwalimu," akasema, pole pole na kwa adabu, "kama maji ni mengi, na kingo zimechoka kuyazuia, si ni afadhali yapewe njia mapema, kabla hayajajitafutia yenyewe?"

Mwalimu Shitanda alimtazama Dalmas, akamtazama Beldina, akatazama nje, ambako mabati ya kwanza ya Awasi yalikuwa yanang'aa juani. Kisha akajinyoosha kwa urefu wake wote, na alivyonena ni hivi:

"Wanafunzi. Kiongozi si jiwe. Kiongozi husoma ardhi, na ardhi ikibadilika, naye hubadili mpango. Hapa Awasi kuna soko. Soko ni biashara, biashara ni jiografia, na jiografia haiwezi kupitwa kwa kasi hivi. Tutasimama kidogo kwa ajili ya masomo. Mzee Joram, simamisha gari."

Mzee Joram alisema sawa Mwalimu, lakini atafute kwanza mahali penye nafasi. Mwalimu akamwambia, kwa upole wa kutisha, kwamba nafasi ni hapo hapo.

Hakuna aliyemwona Mwalimu Shitanda akitazama nyanya wala samaki. Aliwapita wachuuzi kama upepo, na nyuma yake akafuata Beldina, kwa hatua fupi fupi za mtu aliyebeba maji kichwani. Mama mwenye hoteli, aliyekuwa akikaanga mandazi, hakuhitaji kuulizwa. Alimtazama binti mara moja tu akasema, "Nyathina, mwanangu, ni kule nyuma," akionyesha kwa mwiko.

Nyuma kulikuwa na kijumba cha mabati, kimoja tu, chenye mlango mmoja. Miguu mirefu ya mwalimu ilikuwa imekifikia kwanza na mkono wake ulikuwa tayari juu ya komeo. Akasikia nyayo, akageuka. Walitazamana, mwalimu na mwanafunzi, na kwa kitambo hakikuwapo kati yao cheo wala umri, ila huzuni moja. Mlango ulikuwa wake. Hakuna mahakama ambayo ingemlaumu. Lakini Mwalimu Shitanda aliachia komeo, akasogea kando, akaweka mikono nyuma na kugeuza uso wake kwenye ukuta wa hoteli.

"Pita, Awuor," akasema. "Lakini usikae."

Yaliyotokea ndani ya mabati yale si ya kusimuliwa kwa watu wazima walioketi kwa heshima. Itoshe kusema kwamba mji uliokolewa na mabati yakatoa shukrani, na wimbo ulisikika hadi kwa mama wa mandazi, ambaye alitabasamu na kugeuza mandazi yake. Beldina alitoka akiwa mwepesi kama karatasi, na mwalimu akaingia bila mkunjo wake mmoja kubaki sawa.

Dalmas alikuwa amesimama kando ya pipa la maji, mikono mfukoni. Beldina akamwambia kwamba akingoja kidogo na yeye atapata nafasi.

"Mimi sina haja," Dalmas akajibu. "Siku za safari sinywi kitu tangu asubuhi. Hata ile chai sikuionja."

Beldina aliwaza harufu ya chai ile, na jinsi huyu alivyokaa mbele ya kikombe kitupu huku wengine wakipigiana makofi. Mwishowe akasema, "Asante, Dalmas," na jina hilo lilimtoka kwa shida, kama neno la lugha ngeni. Dalmas akainua mabega. Wakarudi kwenye basi pamoja, na Dorca alipoanza kumwita yule mvulana kwa jina la zamani, Beldina akamkata kauli akisema kwamba jina hilo limekwisha muda wake, na kwamba aliyelitoa ndiye mwenye ruhusa ya kulifuta.

Mwalimu Shitanda alipanda wa mwisho. Sauti yake nene ilikuwa imerudi mahali pake.

"Somo la mito limekamilika," akatangaza. "Atakayenitajia maji kabla hatujafika Migosi, atafika kwa miguu."

Basi likavuka daraja la Nyando pale Ahero, na mto ukapita chini yao ukiwa mpana na wa udongo, na watu wote ndani ya basi wakautazama kimya, kwa heshima, bila hata mmoja kuutaja. Na ikumbukwe na wote watakaosomea Migosi baada yake, ikumbukwe kwenye foleni za maziwa na chini ya kengele ya saa kumi, kwamba katika mwaka ule wa themanini na nane kiapo cha mwalimu kilivunjwa bila mtu kuomba kivunjwe, na Beldina Awuor, binti wa fundi cherehani, alishuka mbele ya lango la shule, akajipangusa makombo ya yai lake la safari, akageuka mara moja mbele ya dunia yote, na sketi yake ilikuwa kavu.