Udongo Wangu Ndio Mbovu Kuliko Wote

Jumatatu, 4 Machi
Nimependa! Mgane wa miaka hamsini na minane, na moyo unarukaruka kama kambale ndooni. Dokta Gu Pei-shan amefika kutoka Taipei na mtambo wa kutoboa ardhi, pamoja na mwanamume mnene, mkimya, wa kuuendesha. Amekula chapati tatu za vitunguu za dada yangu A-kuan, akiwa wima, viatu vimejaa matope. Mrembo! Anachora ramani ya mashapo machanga. Yaani mchanga ulioachwa na mto juzijuzi tu, miaka elfu moja hivi. Ukishiba maji, kisha ardhi itetemeke, unageuka uji na nyumba inazama. Anasema kwenye udongo mbovu kuliko kote ndiko atakakokaa zaidi. Nikamwambia ni hapahapa! Wangu umeoza tangu enzi za babu! Akacheka. Akaniita mjomba. Hilo nimelisamehe.

Jumanne, 5 Machi
Huo-tu amesikia. Jirani wa ng'ambo ya mfereji, mgane mwenzangu, jino la dhahabu. Leo amechana nywele! Amemweleza Dokta kwamba nyati wa babu yake alizama shambani mpaka pembe. Nikasema kwetu walizama wawili. A-kuan akapaza sauti kutoka jikoni: "Nyati gani? Sisi tulikuwa na bata tu!"
Ndugu wa damu huyo.

Jumatano, 6 Machi
Nimefungua maji ya mfereji ili shamba lilowe. Limelowa. Vitunguu vyote vinaelea. Kisha nikainua banda la bata upande mmoja kwa jeki ya gari, lionekane linazama. Likaanguka. Bata wakahamia kwa Huo-tu. Amewarudisha mwenyewe, mpole kama daktari wa meno. Eti yeye ameinamisha choo chake, na kimependeza sana. Eti ningeanza na kitu kisicho na mabawa.

Alhamisi, 7 Machi
Msiba! Wametoboa kwangu. Bomba likatoka na udongo wa mfinyanzi, wa kijivu, mgumu. Nikamsihi Dokta atazame vizuri. Akanipa mkono: "Hongera mjomba! Huu haugeuki uji hata kidogo. Lala usingizi."
Nitalalaje? Kabla ya chai walikuwa wameshafungasha. Kwa Huo-tu ukatoka mchanga mtupu, unachuruzika maji. Mkondo wa zamani wa mto unapita chini ya nyumba yake! Dokta alipiga kelele kwa furaha. Nimezisikia nikiwa juu ya paa langu. Huo-tu akampelekea supu ya samaki. Mnene naye akapata bakuli. Mbili.

Ijumaa, 8 Machi
Nimechota mchanga ufukweni, nikaumwaga kwenye tundu langu, nikamwita Dokta aje kupima upya. Akausugua kiganjani. Akatoa kizibo cha bia.
"Mjomba, hiki nacho kina miaka elfu moja?"
Mnene alicheka mpaka akaketi chini. Sikujua ana sauti.

Jumamosi, 9 Machi
Tetemeko! La kweli, wakati wa uji wa asubuhi. Tukakimbilia nje. Kwa Huo-tu maji na mchanga vikaruka kutoka ardhini, choo kikazama chenyewe. Huo-tu akavuka mfereji mbio, mama yake mgongoni, akaja uani kwangu. Kila mtu alikuja uani kwangu! Na Dokta Gu akanishika mkono, akaubana kweli. Sikutaka ardhi itulie.
Ilipotulia nikaona mkono wake mwingine umembana Mnene. Kwa nguvu zaidi. Akamwita "mume wangu".
Mume! Siku zote hizi namtuma yule bwana aniletee kiti!
Dokta akamwambia Huo-tu ukweli: ukuta umepasuka, mama asilale mle hadi nyumba iwekewe nguzo za kwenda chini sana. Huo-tu akaanza kulia, jino likimeta. Nikamwambia alete magodoro, la mama na lake.
"Na unyamaze," nikasema, "unanilowesha ardhi."
A-kuan amempa mama chumba changu. Mimi na Huo-tu tunalala sebuleni. Anakoroma.

Jumatatu, 11 Machi
Wameondoka. Nimemwapia A-kuan: mapenzi basi, uongo basi. Huo-tu naye akaapa. Tukapeana mikono.
Mchana akaja bibi mmoja kutoka Hualien, mtaalamu wa mchwa, kofia pana, kicheko kama kengele. Anatafuta nyumba iliyoliwa kuliko zote, akae wiki nzima kuichunguza. Nimemwambia yangu inasimama kwa mazoea tu! Atakuja kesho kuiona.
Boriti zangu ni za mkafuri, mti ambao mchwa huukimbia kwa harufu yake. Hata mchwa mmoja hajawahi kuzigusa. Nikachukua chupa, nikaenda msituni kimyakimya. Kwenye gogo la kwanza nikamkuta Huo-tu amepiga magoti. Chupa yake imeshajaa mchwa hadi nusu.