Lori la Mjomba na Penseli Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyelishika daftari hili, kwanza funga mlango. Umefunga? Sasa nakuomba kwa heshima zote: usimwambie mtu hata neno moja. Si mwenzako wa nyumbani, si jirani, si yule rafiki yako asiyejua kunyamaza. Hasa usimwambie Mtu wa Stoo wa kiwanda chetu cha magodoro. Mimi ni karani, nina miaka ishirini na mitatu, sijawahi kufukuzwa mahali popote, na ningependa iendelee kuwa hivyo.

Leo Meneja aliniita ofisini kwake. Nilipanda ngazi nikihesabu makosa yangu. Kumbe si mimi niliyekosa, ni lori. Lori letu la kubebea magodoro lilizimika tena Jumamosi, katikati ya mlima, na magodoro arobaini mgongoni, na mvua juu yake. Godoro lililolowa halina mnunuzi. Meneja alinisukumia fomu. Visanduku viwili: TENGENEZA na BADILISHA. Ukitia alama kwenye cha kwanza, lori linakwenda gereji. Ukitia kwenye cha pili, yadi ya magari inalichukua moja kwa moja na kutupatia jingine jipya, sisi tukiongeza kidogo. Chini kuna mistari ya sababu, kisha sahihi ya karani wa usafirishaji. Nikauliza huyo karani ni nani. Meneja akavua miwani, akanitazama.

Ni mimi.

Mwisho Ijumaa. Kwa wino, akasema, akijua tabia yangu.

Sasa ubaya wenyewe. Dereva wa lori hilo ni Mjomba. Kaka wa mama yangu, tumbo moja. Alinichukua nikiwa na miaka sita, akanisomesha, akaniombea kazi hii hii. Lori lile ameliendesha miaka ishirini na miwili. Marehemu mke wake alikuwa akiliita Mke Mwenza, kwa sababu, alisema, mume wake analiosha kila asubuhi na hajawahi kulinunia. Jina likabaki. Mwenyewe akatangulia, mwaka wa tatu huu. Na Mjomba ameshatangaza mbele ya watu: siku Mke Mwenza akiondoka, na yeye anaondoka.

Nimeijaza fomu kwa penseli. Visanduku vyote viwili. Ili nipate nafasi ya kufikiri.

Jumanne, 4 Machi

Mpango! Aamue fundi. Ndiye mtaalamu, mimi nani?

Nilimkuta chini ya lori, miguu tu nje. Niliiuliza miguu ile kuhusu hali ya mgonjwa. Miguu ikajibu kwamba gia boksi imechoka, springi za nyuma zimelala, na chesisi ina ufa unaoweza kuingiza kidole. Nikauliza: basi libadilishwe? Miguu ikacheka. Ikasema gari hili, mdogo wangu, hata hivyo lina afya kukushinda wewe. Nikauliza: basi litengenezwe? Ikasema linatengenezeka, mbona, hata maiti hupambwa. Nikapitisha fomu kule chini, pamoja na penseli, nikamwomba aweke alama popote moyo wake unapomtuma. Fomu ikarudi na alama ya kidole gumba cha grisi, katikati kabisa, baina ya visanduku viwili. Akasema yeye anashika spana. Kalamu ni yangu.

Nimeisugua grisi kwa kifutio. Imeenea.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili. Mtu wa Stoo husaini hati za kutolea mali kama sitini kwa siku. Niliichomeka fomu katikati ya hati hizo, kati ya foronya na nyuzi. Ilikuwa kazi safi. Nilitembea kurudi mezani kwangu nikipiga mluzi, jambo nisilolifanya.

Nilisahau kwamba mtu yule husoma kila kitu. Husoma hata kiberiti kabla ya kuwasha.

Saa ya chai alisimama juu ya benchi na fomu yangu mkononi. Aliwatangazia wote kwamba bwana karani anataka lori litengenezwe na pia libadilishwe. Huyu, alisema, akiugua atamwomba daktari apone na azikwe, yote mawili, siku moja. Watu walitema chai. Meneja alikuwa dirishani. Tangu saa nne mimi ni Bwana Penseli. Hata mfagizi ameniita hivyo, tena kwa upole, akidhani ndilo jina langu.

Mjomba alikuwepo. Hakucheka. Alinishika bega akasema twende tujaze kitabu cha safari. Tangu mwaka jana mimi ndiye ninayemjazia: mahali alipokwenda, saa ngapi, kilomita ngapi. Husema mwandiko wangu unampendeza. Anataja, naandika. Leo alitaja mtaa aliopita kwa kukumbuka harufu ya kiwanda cha sabuni. Nikaona ni mzaha mzuri.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa tatu, na huu ni wa akili. Aamue Mjomba mwenyewe!

Nilikaa asubuhi nzima naandika upya. Alama moja tu: BADILISHA. Sababu saba, kwa heshima, kwa penseli nyembamba niliyoichonga hadi ikawa kama sindano. Ufa wa chesisi. Mlima. Magodoro. Nikaandika kwamba dereva amelitunza lori hili kama mboni ya jicho lake, na kwamba hakuna aibu katika kukipumzisha kilichochoka. Nilijiliza mwenyewe. Hesabu yangu ilikuwa hivi: akikataa, nitamwambia Meneja dereva amekataa. Akikubali, amekubali yeye. Kwa vyovyote vile, sipo.

Nilimkuta ameketi ndani ya lori limezimwa, kioo kimeteremshwa, mkono juu ya gia. Daima huendesha na kioo chini, hata kwenye mvua. Anasema lazima umsikilize mke akisema. Nilimpa karatasi. Aliishika mbali, kisha karibu, kisha akaigeuzia kwenye mwanga. Akauliza, umeandika nini humu, mjomba? (Tunaitana hivyo, yeye kwangu na mimi kwake.) Nilipaswa kumwambia. Nikasema asome mwenyewe, yote yamo.

Alitazama karatasi muda mrefu mno. Kisha akaomba kalamu, akasaini. Sahihi kubwa, ya wino, ikapita juu ya sababu ya nne na ya tano, mbali kabisa na mstari. Akasema, "Umeandika vizuri. Nilijua wewe huwezi kututupa."

Hakuna lawama! Hakuna hasira! Nilishuka nikiwa mwepesi kama sufi. Mtu mkubwa, Mjomba. Sikumjua kiasi hicho.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekabidhi. Meneja alifurahi sana kuona hata dereva ameafiki. Akanipa kalamu yake na kunisimamia nikipitisha wino juu ya penseli, herufi kwa herufi. Nikajisikia kama ninaandika juu ya ngozi ya mtu. Mtu wa Stoo alipita akauliza kama Bwana Penseli amebatizwa upya. Nimeshinda.

Jumatatu, 10 Machi

Sitaki kuandika ya leo. Nitaandika.

Wa yadi alifika saa tatu kuchukua lori. Mjomba alikuwa ameliosha hadi likang'aa, na kulifuta vioo kwa shati lake kuukuu. Akaanza kumfundisha yule kijana wa yadi: gia ya tatu haipendi kulazimishwa, ibembeleze, klachi ikanyage mara mbili, mlango wa kushoto unafungwa kwa nyonga. Mwisho akamwambia wasimkawize huko gereji, maana Ijumaa kuna magodoro ya hospitali.

Wa yadi akacheka. Akasema, mzee, gereji ipi? Hili limeshabadilishwa. Halirudi.

Mjomba hakumtazama yule wa yadi. Aligeuza uso upande wangu, si kwangu hasa, upande tu nilikosimama, akauliza polepole ile karatasi ilisemaje.

Nikasema ilisema badilisha.

Akasema, "Penseli siioni, mjomba. Mwaka sasa. Wino naona kivuli chake."

Alisema kwa sauti ya chini, mimi tu nikasikia. Ndipo mambo yakaanza kuniingia moja moja, kama maji kwenye kiatu. Kioo kilichoteremshwa. Harufu ya sabuni. Mwandiko wangu unaompendeza. Miaka ishirini na miwili njia ile ile, lori lile lile. Alikuwa akiliendesha kwa masikio na kwa viganja, watu wakivuka barabara mbele yake. Na kitabu cha safari nimekijaza mimi, kwa mkono wangu, mwaka mzima.

Meneja alitoka kuona kuna nini. Akamwuliza Mjomba kama hakuisoma ile fomu aliyoisaini. Mjomba akanyoosha mgongo. Akasema aliisoma neno kwa neno, ila moyo wa mzee ni mwepesi wakati wa kuagana. Akaomba radhi. Kwa ajili yangu! Nami nilikuwa nimesimama pale, nimevaa tai yangu shingoni.

Kabla lori halijatoka aliingia ndani mara moja. Alipotoka mfuko wa suruali ulikuwa umevimba. Lori lilipofika kwenye geti, yule wa yadi alikwaruza gia ya tatu, na Mjomba akafumba macho kama aliyepigwa.

Jumanne, 11 Machi

Nilikwenda kwake baada ya kazi, na maneno yangu ya msamaha nimeyapanga. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu, akizungusha kitu kiganjani. Kichwa cha gia. Kile cheusi, kilicholika upande mmoja kwa kidole chake. Akasema nikae, akasema chai imo kwenye chupa. Maneno yangu ya msamaha nikayaacha, nikanywa chai.

Balaa jipya nililileta mimi mwenyewe: barua kutoka kwa Meneja. Nikamsomea. Kwa kuwa dereva ameonyesha ukomavu, lori jipya atakabidhiwa yeye. Linafika Alhamisi.

Alicheka, mara ya kwanza tangu jana. Kisha akasema, hapana, inatosha. Akasema kila aliyevuka barabara mwaka huu salama amevuka kwa bahati, na bahati si breki. Nimwandikie Meneja ukweli: haoni, ameacha usukani kwa hiari, na mpwa wake hakujua lolote. Nimwandikie kwa wino mzito, ili angalau aone kivuli cha jina lake.

Nami najua, kwa sababu tangazo nililinakili mwenyewe na limebandikwa mlangoni: dereva atakayesema mapema kwamba macho yanamsumbua atapelekwa hospitali na kampuni. Huenda ni mtoto wa jicho tu. Hutolewa. Watu huona tena.

Nilichukua karatasi. Wakisoma haoni, watauliza tangu lini. Wakijua tangu lini, watafungua kitabu cha safari. Mwandiko wa nani?

Niliandika kwamba anaumwa mgongo.

Kwa penseli, endapo nitabadilisha. Kisha nikamsomea kwa sauti kila alichoniambia: macho, hiari, ukweli. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Akauliza, ni wino? Nikasema ni wino. Akapapasa karatasi kwa kidole gumba, mara mbili. Kisha akasaini.

Sijui kidole kile kilihisi nini. Sikuuliza.

Alhamisi, 13 Machi

Meneja ana huruma kuliko nilivyodhani. Hilo ndilo tatizo. Amempa Mjomba wiki mbili za kupumzisha mgongo na mafuta ya kuchua. Lori jipya limefika, jeupe, halina harufu ya mtu. Litamsubiri. Hakuna mwingine atakayeligusa, amesema, ni heshima yake.

Mjomba alipopata habari alinitazama, upande wangu. Alikaa na mafuta yale mapajani na kichwa cha gia mkononi.

Lakini usihofu. Nina mpango! Wiki mbili zikiisha, nitaandika kuhusu goti. Nimeshaanza, kwa penseli, maneno mazuri. Baada ya goti kuna bega. Mwili wa binadamu una viungo vingi, nimevihesabu, vinaweza kutufikisha hata mwisho wa mwaka.

Sasa wewe uliyeokota daftari hili. Ukitaka kulirudisha, usipige simu ofisini. Mtu wa Stoo ndiye hupokea. Njoo saa nne na robo, wakati wa chai, dirisha la pili baada ya ghala la sufi, lile lenye kioo kilichofunikwa kwa gazeti. Gonga mara moja. Ukigonga mara mbili nitajua ni Meneja, nami nitajificha. Nikifungua nikasema si mimi, ni mimi. Liache tu dirishani. Na ikiwa umesoma yote na una neno la kuniambia kuhusu Mjomba, kuhusu nilichopaswa kufanya, liandike kwenye ukurasa wa mwisho. Nitalisoma, naahidi.

Ila tafadhali, andika kwa penseli.