Nyumba ya Kukunja Ziwani

Jumatano, 3 Aprili

Imefika. Nyumba nzima, imekunjwa bapa kama kitanda cha safari, imelala uani juu ya theluji. Shemeji Tauno aliizunguka mara moja, akauliza kama nimenunua nyumba au nimeuziwa mlango. Ni msimamizi wa kiwanda cha mbao, kwake kila kisichokuwa mbao ni utapeli.

Mke wangu Helka hakucheka. Alisema mipango yangu imemchosha, na huu ndio wa mwisho. Nyumba ikishindwa, naenda kufanya kazi kiwandani chini ya kaka yake Tauno, kila alfajiri, mpaka nistaafu. Ovaroli ameshanitafutia. Nikamwambia asijisumbue kuipiga pasi.

Jumamosi ni mashindano ya kuvua samaki kwenye matundu ya barafu. Kijiji kizima kitakuwa juu ya ziwa lililoganda. Miaka yote watu hutetemeka ndani ya hema la jirani yetu Raili, hema lenye umri wa Raili mwenyewe, wakinywa supu yake ya njegere. Safari hii watakuja kwangu. Nina kuta, nina madirisha, nina joto. Raili atajiju.

Ijumaa, 5 Aprili

Tumeiburuza hadi ziwani kwa trekta la Tauno. Ilikunjuka kirahisi kuliko kitambaa cha meza. Hata Tauno alirudi kuikagua mara ya pili.

Muuzaji, mtu wa kusini, alinisisitizia kwenye simu: jiko dogo la kuni tu, na mvuke usiguse bawaba zinazoikunja. Watu wa kusini waoga. Nimeweka jiko la sauna, lenye mawe ya kumwagia maji yatoe mvuke, watu wakae ndani watokwe jasho. Huku kwetu, chumba chenye joto bila sauna, ukimkaribisha mtu atakuuliza kama una ugomvi naye.

Raili alipita na mbwa wake. Akauliza kama barafu nimeiomba maoni. Wivu mtupu.

Jumamosi, 6 Aprili

Raha iliyoje. Hemani kwa Raili alibaki Raili, sufuria na mbwa. Kwangu pa kukanyaga hapakuwepo. Wanaume uchi wanamwaga maji kwenye mawe, wanatoka mbio kujigaragaza kwenye theluji, wanarudi, wanamwaga tena. Samaki walisahaulika. Mwenyekiti wa kijiji, mwekundu kuanzia kisogo hadi visigino, alinishika bega akasema nimeleta maendeleo.

Helka alikuja, akakaa benchi la juu, hakusema neno. Kwa Helka, hiyo ni hotuba.

Jumapili, 7 Aprili

Haikunjiki.

Mvuke wote wa jana uliingia kwenye bawaba ukaganda. Tumevuta, tumesukuma, Tauno amegonga kwa nyundo mpaka mpini ukavunjika. Wapi. Na ikiwa imekunjuliwa ni pana mno, haipiti kati ya miamba ya njia ya kutokea ziwani, na mwezi ujao barafu inayeyuka. Tauno aliniambia, kwa upole ulioniudhi kuliko kejeli zake, kwamba kazini kwake kuna kahawa nzuri.

Nikatuliza akili. Kilichoganda huyeyushwa. Nimewasha jiko, nimejaza kuni hadi juu.

Jumatatu, 8 Aprili

Bawaba zimeyeyuka. Barafu ya chini ya sakafu nayo imeyeyuka. Nyumba ikadidimia hadi kwenye vizingiti, na kufikia asubuhi maji yalikuwa yameganda upya, yameishika kote. Tauno hataki tena kuleta trekta. Helka ameanza kuipiga pasi ovaroli.

Raili alikuja na supu. Akasema inaelekea barafu imeshatoa maoni. Niliona aibu kweli. Nilikula sahani mbili.

Jumanne, 21 Mei

Barafu imeondoka ziwani. Nyumba haikuzama. Kuta zake zimejazwa povu gumu la kuzuia baridi, kwa hiyo ilielea, na upepo ukaisukuma taratibu hadi ufukweni kwa Raili. Ikapanda kwenye changarawe na kutulia. Kabla sijafungua mdomo, Helka akamwambia Raili abaki nayo, ni zawadi. Hema limetupwa. Sasa Raili anapika supu kwenye jiko langu, na mwenyekiti anasema Raili ndiye aliyeleta maendeleo.

Naandika haya kiwandani, mapumziko ya kahawa, ndani ya ovaroli iliyonyooka. Tauno ni bosi mwema, na hilo linaniumiza. Asubuhi Helka alinifungia mkate na samaki wa moshi, akasema angalau siku hizi analala akijua kesho nitakuwa wapi. Alitabasamu. Kitambo sijamwona akitabasamu.

Lakini iliyoelea bila kuombwa, ikiombwa je? Sauna ya kukunja inayoelea. Hakuna aliyewahi kuiwaza. Tauno alipokwenda kwenye msumeno, nikampigia yule mtu wa kusini. Ya pili inakuja Ijumaa, ataishusha hapa nyuma ya magogo, Helka asiione. Akaanza tena habari zake za bawaba. Nikakata simu, kahawa ilikuwa inapoa.