Mashine Isiyomenya Kahawa

Jumatatu, 14 Julai 2025

Imefika! Sanduku jeusi, herufi za rangi ya fedha, zito kama tofali la saruji. Ndani yake mashine ya gemu, ile ile tuliyoichezea utotoni, imetengenezwa upya kwa ajili ya watu wenye ladha. Ganda la alumini!

Baba mkwe wangu, Mzee Aminieli wa Nkoaranga, alinituma nimwagizie mashine ya kumenyea kahawa, maana ile aliyokuwa nayo imevunjika. Nimeagiza hii badala yake. Kwa muda tu! Nitafungua hapa Kijenge klabu ya watu wazima wenye kumbukumbu, na klabu itazaa mashine mbili za kahawa. Mzee atanishukuru.

Mke wangu Vaileth kauliza sandukuni kuna nini. Nimesema mashine. Sikudanganya.

Jumanne, 15 Julai

Nimeifungua nikiwa nimevaa glavu. Imekuja na glavu zake! Kijitabu cha kurasa arobaini kinanipongeza kwa kuhifadhi historia. Ukurasa wa thelathini na nane, kwa herufi za sisimizi, kinaongeza kwamba haina gemu hata moja. Kaseti za zamani utatafuta mwenyewe. Yaani nimenunua sufuria ya dhahabu, sasa nikaombe unga kwa jirani.

Nimeiwasha hata hivyo. Giza kwenye TV. Lakini giza safi, huwezi kulipata kwenye mashine za bei rahisi.

Mjini hapa namjua mtu mmoja tu mwenye kaseti hizo: Lemomo, fundi redio wa Daraja Mbili. Ndiye aliyemposa Vaileth kabla yangu, akakataliwa. Ningeomba kwa mtu mwingine yeyote. Hayupo.

Jumatano, 16 Julai

Kwa Lemomo. Nilibeba pasi nzima, nikajifanya ni mbovu. Kaifungua, kaifunga, kaniuliza shida yangu hasa ni ipi. Nikasema vijana wa usharika wake wanahitaji kaseti za gemu kwa ajili ya kambi yao. Kauliza vijana gani, maana mlezi wao ni yeye. Ningejuaje? Nani anamkabidhi vijana mtu kama yule?

Mezani ana mashine yake ya enzi zile. Plastiki imekuwa njano kama meno ya mvuta ugoro, kaifunga kwa mpira wa tyubu. Anaipiga kofi, inawaka. Aibu tupu. Nikamweleza, kitaalamu, kwamba yangu ni bora. Kasema niilete Ijumaa tucheze, mshindi achukue: yeye mashine yangu, au mimi kaseti zake. Nilikubali kabla hajafunga mdomo. Mwaka 1997 nilikuwa bingwa wa mtaa mzima!

Mzee Aminieli kapiga simu. Shikamoo yangu hakuisubiri iishe. Kahawa imeiva, wanachuma Jumamosi alfajiri, na ikilala bila kumenywa itachacha. Mwaka mzima wa jasho lake uko kwenye miti ile. Mashine iko wapi? Nimesema iko njiani. Nani hayuko njiani katika maisha haya?

Alhamisi, 17 Julai

Mazoezi. Kwa kukosa kaseti, nafanyia kwenye rimoti. Vaileth kauliza kwa nini napigana na rimoti wakati TV imezimwa. Nimesema vidole vina baridi. Hapa kwetu mwezi wa saba uongo huo hauhitaji shahidi.

Ijumaa, 18 Julai

Siku ya hukumu. TV ya Lemomo ni ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mnene. Mashine yangu haina tundu la waya wa chogo. Kisa gani hiki? Inaiga zamani kwa kila kitu, isipokuwa kukubaliana na zamani. Tukachezea kwenye takataka yake.

Kanifunga mara tatu. Ya tatu alikuwa anaongea na mteja kuhusu feni.

Nilipokuwa nalalamikia pedi yake ya kuchezea, mlangoni kaingia Vaileth. Alikuja kumuuliza Lemomo kama anaweza kufufua mashine ya baba yake, kwa kuwa mpya inachelewa. Kaliona sanduku jeusi. Kaitazama mashine. Kanitazama mimi.

“Baba Brenda,” kasema taratibu, “hii inamenya debe ngapi kwa saa?”

Lemomo alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akachukua begi lake la vifaa.

Jumamosi, 19 Julai

Nkoaranga. Lemomo kaitengeneza mashine ya mzee kabla ya chakula, kwa spana na kipande cha bomba. Kapewa loshoro, mahindi kwa maziwa mgando, bakuli mbili na kiti chenye mto. Mimi nimepewa mkono wa mashine niuzungushe. Toka saa tano asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni! Mzee hakunigombeza. Kila nilipopumzika alimwaga debe jingine, akaondoka. Kila nilipoinua macho Vaileth alikuwa ananitazama, na sikuweza kumtazama.

Kahawa imepona yote. Malengelenge saba.

Jioni Lemomo kanirudishia mashine yangu. Kasema hana pa kuichomeka. Dharau ya namna gani hii! Nilitaka kukataa kwa heshima yangu. Sikukataa.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada Vaileth kaniamuru nimwandikie muuzaji, niirudishe, nichukue kitu chenye faida. Muuzaji kakubali kubadilishana. Mtu mwungwana.

Nimetafakari kwa kina, mikono ikiwa kwenye maji ya chumvi. Kosa langu sasa naliona wazi. Kosa halikuwa kununua. Kosa lilikuwa kununua inayohitaji waya. Muuzaji ana nyingine, ya kushika mkononi, ganda la shaba, gemu zimo humo humo. Haihitaji TV, kaseti wala Lemomo. Nimeshaituma oda.

Vaileth kauliza kama safari hii nimechagua kitu kitakachomsaidia baba. Nimesema ndiyo, tena kinaingia mfukoni.

Kauliza ni mashine gani ya kahawa inayoingia mfukoni.

Nimemwambia, “Mama Brenda, wenzetu wamefika mbali sana.”