Punguzo kwa Wanaoona

Inatangazwa kwa wananchi wote, wanaoona na wasioona, kwamba kliniki yetu ya macho imekomesha upendeleo katika kutoa punguzo la bei. Mimi ni katibu wa Kamati ya Punguzo la Haki, kwa hiyo najua ninachosema.

Zamani tulimpunguzia yeyote mwenye shida. Uchunguzi ukabaini kasoro: walionufaika walikuwa wenye shida peke yao. Mkurugenzi akatufungia ndani siku tatu, tukatoka na fomu. Maandishi yake ni madogo kama mayai ya chawa, ili yote yaenee ukurasa mmoja. Mwombaji aisome na kuijaza mwenyewe, bila miwani, bila msaada.

Mwezi wa kwanza alifaulu mmoja, shemeji wa Mkurugenzi, mwenye macho ya mwewe. Akachukua miwani ya jua.

Ndipo akaja mama mmoja fundi cherehani, anayeshona sare za shule. Wiki hiyo alikuwa amejidunga vidole vitatu, na shati moja amelitia mfuko mgongoni.

"Mwanangu, sioni kilichoandikwa hapa. Nisomee."

"Nikikusomea wewe, mama, nitakuwa nimewaonea wenzako."

"Wenzangu nao hawaoni."

"Basi mko sawa. Ndiyo haki yenyewe."

Akanitazama, au alitazama karibu na nilipokuwa, akarudi kwenye benchi. Binti yake, mwalimu, alikuwa amemsindikiza. Akatoa kalamu na karatasi. Wagonjwa wakamsogelea, wakaanza kunong'ona.

Mkurugenzi alipopita kukagua foleni, mama fundi akasimama.

"Mheshimiwa, tuna barua yako. Tunaomba uisome, ukiridhika utie sahihi."

Mkurugenzi wetu havai miwani. Anasema inashusha cheo. Aliishika barua kwa mkono ulionyooka, kisha akaileta puani, akaguna kwa hekima.

"Shukrani zenu zimenigusa," akasema, akasaini alipoonyeshwa. Nami nikagonga muhuri, maana sahihi ya mkubwa haihojiwi.

"Sasa tusomee, katibu," akasema mwalimu. "Hii si fomu."

Nikasoma. "Mimi Mkurugenzi nafuta fomu. Kila aliyeshindwa kuisoma atalipa nusu ya bei kuanzia leo. Aidha, nakiri kwamba mimi mwenyewe sioni, na nitapimwa sasa hivi mbele ya wagonjwa."

Hakuna aliyecheka. Walisogea tu, wakamwachia njia ya kwenda kwa daktari.

Daktari ni mtu wa kufuata maagizo. Akamkalisha Mkurugenzi kitini, akamwelekeza kwenye herufi ya juu kabisa, kubwa kama sahani.

"Soma kwenye ubao, mheshimiwa."

"Ubao upi?"

Akatiwa matone ya kupanua mboni, yanayotia macho ukungu kwa saa kadhaa. Baadaye akatoka akipapasa ukuta, amekunja uso kama mtu mwenye kikao cha haraka. Kamati iliandika kwamba aliondoka kwa hiari. Hakuna mjumbe aliyejitolea kumwongoza, kwani kufanya hivyo kungekuwa kukubali kwamba haoni.

Mama fundi akamshika kiwiko.

"Ngazi hizi, baba. Ziko tatu tu. Polepole."

Mheshimiwa akashuka tatu, akabaki anaitafuta ya nne.